Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Anasuya hakubisha hodi. Aliingia uani kwa Balamani mchana kweupe, siku moja baada ya posa ya binti yake, sufuria kubwa kaibeba kiunoni. Akaiinamisha na kuyamwaga maziwa yote juu ya maua ya unga wa chokaa ambayo Balamani alikuwa ameyachora asubuhi mbele ya kizingiti chake.

"Tokeni mtazame!" aliwaita majirani, na majirani wa Chinnakunta hawana haja ya kuitwa mara mbili. "Lita ishirini! Nimeyatia mbegu ya mtindi toka juzi, mpaka leo ni uji. Wakwe zangu wamekula wali, wamekula mchuzi, wakakaa na sahani zao wanangoja mtindi wafunge mlo. Mtindi uko wapi? Wameondoka bila mtindi, Balamani! Nyumbani kwangu!"

"Dada Anasuya, naapa sikutia hata tone la maji."

"Basi umetia nini? Sabuni?"

Watu wakacheka. Balamani alikuwa na miaka thelathini na minane, nyati wanne wa maziwa, na jina ambalo mama yake na bibi yake walikuwa wamelijenga kwa mikono yao: ukitaka mtindi unaokatika kwa kisu, nenda kwa wale. Sasa jina hilo lilikuwa linatiririka mbele ya mlango, kuku wanalidonoa. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi miwili maziwa yake yalikuwa hayagandi, wala hayachachi. Karani wa kituo cha maziwa alikuwa amelipiga kopo lake alama ya msalaba kwa chaki, akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, hao nyati wako unawakamua maziwa au rangi ya ukuta?"

Mama mkwe wake, Sayavva, alikuwa amekaa barazani akichambua dengu. Hakumtetea. Alingoja Anasuya aondoke, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi nyumba ya tatu, "Kuna mikono ya heri na mikono ya nuksi. Mimi nilisema." Kisha akanyanyuka, akakichukua kijungu cha mbegu ya mtindi jikoni, akakiweka chini ya kitanda chake ili mkwewe asikiguse tena.

Na mume? Komurayya alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kiwandani, anajiandaa kwenda zamu. Aliyatazama maziwa, akazitazama buti zake.

"Labda ni joto," alisema, akaondoka.

*

Balamani aliijua kweli kwa bahati, na bahati yenyewe ilikuwa na kilema. Nyati mmoja, yule mweusi tii mwenye pembe moja, aliteleza kwenye mawe akaumia goti, ikabidi afungwe nyumbani. Watatu wengine waliendelea kwenda kunywa kijitoni, yeye akawa ananyweshwa maji ya bomba kwa ndoo. Siku ya kumi Balamani alimkamua, akatenga maziwa yake kwenye kikombe. Ya wale watatu akayaweka kwenye kikombe kingine. Mbegu ya mtindi aliiomba kwa muuza mtindi mpita njia kutoka kijiji cha pili, kwa kuwa kwake ilikuwa imefungiwa chini ya kitanda.

Mchana alivifunua. Cha nyati kilema kilikuwa kimeganda mpaka ukikipindua hakimwagiki. Cha wale watatu kilikuwa vilevile, kama maziwa yamekamuliwa sasa hivi.

Alivitazama kwa muda mrefu. Kwanza alilia kidogo, kwa raha, kwa sababu mikono yake haikuwa na kosa. Halafu raha ikamwisha na kitu kingine kikampanda kifuani, akachukua fimbo akaufuata mkondo wa kijito kuelekea juu.

Hakwenda mbali. Nyuma ya ukuta wa kiwanda cha dawa, chini ya vichaka vya miiba ambako hata mbuzi hawapendi kuingia, kulikuwa na bomba jipya, nene kama paja. Lilikuwa linamwaga maji ya rangi ya chai hafifu, yenye povu, yananuka hospitali. Kiwanda kilekile chenye kibao getini: HATUTOI HATA TONE NJE. Na fundi wa majitaka kwenye kiwanda hicho, mwaka wa tisa sasa, alikuwa mume wake wa ndoa.

*

Komurayya aliporudi saa nane na nusu mchana, alivikuta vikombe viwili mezani na mkewe amekaa ng'ambo ya meza.

"Kunywa."

"Ni nini?"

"Kimoja ni cha nyati anayekunywa maji ya bomba. Kingine ni cha wanaokunywa maji yako. Chagua."

Mwanamume alikaa chini bila kuvua buti. Alijaribu kusema hajui, akaiona fimbo yenye tope la kijito kando ya meza, akaacha.

"Nani kakwambia?"

"Mtindi umeniambia. Sasa sema wewe."

Akasema. Kazi yake ilikuwa kuyalinda yale mabomba marefu meupe ambayo ndani yake umekunjwa utando, mwembamba, tabaka kwa tabaka kama mkeka. Majitaka ya kutengenezea dawa yanasukumwa kwa nguvu upande mmoja, maji matupu yanapenya upande wa pili, dawa na chumvi vinabaki nyuma na kwenda kukaushwa. Safu zilikuwa nne. Kabla ya mvua, tando za safu zote nne zilikuwa zimeziba, zimechanika, zimekufa. Akaomba mpya. Meneja, Bwana Vidyasagar, alinunua za safu moja tu, ile ya mbele, yenye bomba la kuonyeshea wageni. Safu ya pili, ya tatu na ya nne wakazifungia valvu zisichanganyike na ile nzima, maji yake wakayapeleka nyuma, kwenye miiba.

"Na mtindi?"

"Mtindi ni vijidudu, Balamani. Vijidudu vizuri. Sisi tunatengeneza dawa za kuua vijidudu. Dawa haijui kizuri wala kibaya. Nyati anakunywa, inatokea kwenye maziwa, ile mbegu ukiitia inakufa palepale."

"Kwa hiyo ulijua."

Komurayya aliinama akaanza kufungua kamba za buti.

"Miezi miwili! Nimepigwa chaki kama ng'ombe wa mnada. Nimemwagiwa maziwa mlangoni. Mama yako ananiita nuksi. Na wewe umesimama hapo, na kinywa chako, na meno yako yote, unasema labda ni joto!"

"Daftari lina saini yangu! Kila siku meneja anasimama nyuma yangu, anasema andika 'safu nne, zote safi', naandika. Likifumuka nitafungwa mimi, siyo yeye. Kaniambia hivyo waziwazi. 'Komurayya, mimi sijasaini popote.' Anacheka."

"Anacheka?"

"Anacheka na kusokota sharubu."

Balamani alinyamaza. Aliyefikiri ananyamaza kwa huruma hamjui Balamani. Alikuwa anaziona zile sharubu.

"Mwite mama yako," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mkono wa nuksi ni wa nani."

Ikambidi aseme yote tena mbele ya mama yake, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, kichwa chini. Sayavva alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda chumbani polepole, akarudi na kijungu cha mbegu ya mtindi, akamsogezea mkwewe.

"Chukua, mwanangu."

"Sikitaki," alisema Balamani. "Kaa nacho. Kilale na wewe."

*

Wiki ileile ulitoka kiwandani mwito wa mkutano. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wanamtuma mkaguzi kuangalia majitaka, na sharti lao mojawapo lilikuwa mkaguzi akae na wanakijiji, awasikilize. Vidyasagar alichagua wanakijiji wake mapema. Kila mmoja alipewa sari au shuka jipya na kufundishwa maneno ya kusema. Jina la Balamani halikuwamo.

"Nitakwenda na vyungu viwili," alimwambia mumewe asubuhi ya mkutano. "Maziwa ya nyati kilema. Kimoja nitakitia kikombe cha maji mazuri, kingine kikombe cha maji ya kiwanda. Wayaone kwa macho."

Komurayya alishika kichwa. "Mke wangu, utaumbuka mara ya pili. Watakupa maji ya bomba la wageni. Hiyo ni safu ya kwanza, tando mpya. Maji yale ni safi, hata mtoto mchanga unaweza kumwogesha nayo. Mtindi utaganda vyungu vyote viwili, na kijiji kizima kimekaa pale!"

"Valvu za safu nyingine ufunguo anao nani?"

Mkono wa Komurayya ulikwenda wenyewe kwenye mkufu wa funguo kiunoni.

"Unataka nifungwe."

"Nataka huyo mwenye sharubu anitambue. Kama njia inapita juu yako, basi ipite. Juu yangu uliipitisha miezi miwili." Alikuwa anayafunika maziwa kwa sahani, hakumtazama. "Sitakuomba, Komurayya. Nitayaweka maziwa yangu pale. Yakiganda, nimekwisha, nitarudi kwa mama yangu na nyati wangu. Yasipoganda, nitajua nina mume."

Komurayya alivaa sare, akaondoka bila kunywa chai.

*

Mkaguzi alikuwa Bibi Kulkarni, mwanamke mfupi wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mkemia kwa kusomea. Katika ukumbi wa kiwanda alikuwa anawasikiliza watu wa sari mpya wakimsifu meneja mmoja baada ya mwingine, kalamu haisogei, pale Balamani alipoingia na vyungu viwili kichwani na kichwani kwake hamna aibu.

"Huyu hayumo kwenye orodha," alisema Vidyasagar haraka. "Huyu ni mama wa nyati, bibi. Maziwa yake ni ya kutia maji, kijiji kizima kinamjua. Sasa anatafuta wa kumsingizia."

"Tena juzijuzi nimemwagiwa lita ishirini," alisema Balamani. "Mwagaji yule pale, kavaa sari ya kampuni."

Anasuya akajifanya anarekebisha bega la sari.

Balamani alieleza anachotaka. Ukumbi ukaangua kicheko, lakini Bibi Kulkarni hakucheka. Alivaa miwani. "Endelea," alisema. "Mama yangu hakuwa na maabara, lakini maziwa mabaya hayakumpita."

Vidyasagar alitazama huku na huku, akapiga hesabu. Aliona ni rahisi. Maji ya bomba la wageni alikuwa ameyapima mwenyewe jana, yalikuwa safi kama ya mvua. Kumkatalia huyu mama kungeleta maswali, kumkubalia kungemzika kabisa. Akasokota sharubu.

"Kwa nini tusimfurahishe mama yetu? Leteni meza. Na mimi nasema mbele yenu wote: maziwa haya yasipoganda kwa sababu ya maji yangu, nitanyoa sharubu hizi hapahapa!"

Watu wakapiga makofi. Kwa watu wa huko, mwanamume kuapa kwa sharubu si mchezo.

Bibi Kulkarni alifanya kila kitu kwa mkono wake. Chungu cha kwanza alikitia kikombe cha maji ya chupa aliyokuja nayo. Kisha wote wakaandamana hadi kwenye bomba la wageni, ambako Komurayya alikuwa amesimama wima kando ya mabomba meupe. Balamani alimtafuta macho. Hakumpa. Alikuwa anatazama ukutani kama askari wa gwaride. Maji yalitoka meupe, yanang'aa. Balamani aliyachungulia: hayakuwa na rangi ya chai wala povu. Alijua kwamba maji mabaya yakichanganywa na mazuri mengi hupoteza rangi. Alijua pia kwamba maji mazuri hayana rangi.

Vyungu vikatiwa kijiko kimoja kimoja cha mbegu, vikafunikwa, vikafungwa utepe, mkaguzi akatia saini juu ya utepe. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Saa sita zile Balamani alizikaa sakafuni karibu na meza, hakula, hakuinuka. Mlinzi alimwambia viti vimeandaliwa kwa wageni, akamjibu sakafu inatosha. Wafanyakazi wa ofisi walipita na sahani za wali wa viungo, wakamruka miguu. Meneja alipita mara mbili. Mara ya pili aliinama akamnong'oneza, "Ukitoka hapa leo, mama, hata mbwa hatakunywa maziwa yako." Balamani aliyaweka maneno hayo pamoja na mengine.

*

Saa tisa mkaguzi alikata utepe.

Chungu cha kwanza alikiinamisha, hakikutoka kitu. Alichoma kijiko kikasimama. Watu wakasogea. Chungu cha pili alikiinamisha kidogo tu, na maziwa yakamwagika mezani, mepesi, matamu, hayajui kama yametiwa mbegu. Yalitiririka mpaka kwenye karatasi za meneja.

Balamani alitoa sauti, hakujua ni kicheko au kilio. Nina mume, alijiambia. Nina mume!

"Sharubu!" kijana mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi ukadakia, "Sharubu! Sharubu!" Hata wa sari mpya.

Vidyasagar hakuwasikia. Uso ulikuwa umemvimba. Alikuwa amegeuka, anamtafuta mtu mmoja tu, akamwona mlangoni.

"Komurayya! Mwana haramu wewe! Nani kakwambia ufungue valvu ya safu ya pili?"

Kelele zikakatika.

"Nani kakutuma uchanganye? Nilikwambia maji yale yasiguse bomba hili! Nilikwambia mara mia!"

Hapo alijisikia mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi. Bibi Kulkarni aliivua miwani taratibu, akaifuta, akaivaa tena.

"Asubuhi uliniambia safu zote nne ni sawa, Bwana Vidyasagar. Maji ya safu moja yana nini hata yasiguse ya nyingine?"

"Bibi, huyu... huyu mfanyakazi ni mhujumu. Tazama daftari! Saini ni zake, zote ni zake, mimi sijasaini popote!"

"Ni zangu," alisema Komurayya. "Kila moja. Naomba bibi twende nyuma, kwenye miiba, nikuonyeshe bomba. Tando za zamani pia sikuzitupa, niliambiwa nizichome, nimezificha stoo. Uzikate uone zilivyochanika. Na kama kuna wa kufungwa nifungwe, ila tuwe wawili."

Balamani aliinuka kutoka sakafuni, akamsogelea meneja mpaka akayanusa manukato yake.

"Bwana mkubwa," alimwambia, "labda ni joto."

*

Walichukuliwa kwa gari moja la polisi, fundi na meneja wake, magoti yanagusana. Kiwanda kilifungwa kesho yake. Wenye kampuni walitoa tamko kwamba mambo yote yale yalikuwa ya Vidyasagar peke yake, wao hawakujua lolote, wakamtupa kama ganda la ndizi. Hata wakili hawakumpelekea.

Chinnakunta haikumshangilia Balamani. Wanaume mia moja na sitini walirudishwa nyumbani, akiwamo mume wa Anasuya. Anasuya alikuja tena uani, safari hii bila sufuria.

"Umetufungia riziki, Balamani. Umefurahi?"

"Sana," alisema Balamani. "Wakwe zako wakija tena, uwaambie kwa nini hawakupata mtindi. Uwaambie jina langu lote, kwa usahihi. Ukishamaliza njoo, tutazungumza habari za riziki."

Nyati wake watatu bado walikuwa wanatoa maziwa ya kumwaga. Wataalamu walikuwa wamesema kijito kitachukua miezi kusafika, pengine mwaka. Alikuwa anawanywesha kwa ndoo, safari ishirini kwa siku, mgongo unamkatika. Hakujuta. Mara nyingine, katikati ya njia, ndoo kichwani, aliikumbuka ile sura ya meneja na mdomo wazi, akacheka peke yake.

Siku ya tatu, saa saba mchana, alikwenda kituo cha polisi na kopo la chakula: wali, dengu za ukwaju, achari ya embe, biringanya za kukaanga alizozipika kwa makusudi na vitunguu saumu vingi, ili zinukie. Polisi mmoja aliyekuwa akinunua maziwa kwa mama yake Balamani zamani alimruhusu afike mpaka kwenye nondo.

Walikuwa wote wawili mle ndani. Komurayya alikuwa amekaa sakafuni, amechoka, lakini uso umetulia. Vidyasagar alikuwa pembeni, shati limekunjamana, ndevu zimemtoka hovyo mpaka sharubu hazijulikani tena zilianzia wapi. Mkewe alikuwa Haidarabadi, hakuwa amekuja, na habari zilisema hatakuja. Toka asubuhi alikuwa amepata chai na biskuti mbili tu.

Balamani alipitisha chakula kati ya nondo. Harufu ya vitunguu saumu ilijaa chumba. Vidyasagar alimeza mate kwa sauti.

"Dada," alisema. Hakuwahi kumwita dada. "Dada, kama kuna kidogo kitakachobaki..."

Komurayya alikuwa ameshamega wali, mkono umesimama. Alimtazama mkewe.

"Usimgawie hata punje," alisema Balamani.

"Balamani, mtu ana njaa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja saa hizi. Kula."

Komurayya aliinamisha kichwa, akala. Na Balamani akasimama pale, mikono kifuani, macho kwa yule wa pembeni, mpaka mumewe alipolamba kidole cha mwisho. Kisha akaomba kopo lake, akaondoka.